Baridi ilikuwa mlinzi: namna wadudu wanakausha misitu ya kaskazini ya dunia, na sisi wa mashariki tunajifunza nini

Wakati Kanada iliwaka moto mwaka 2023, karibu hektari milioni 15 za msitu ziliungua katika muda wa miezi michache. Jamaa zetu walio kule walituma kwa WhatsApp picha za anga la rangi ya chungwa na jua jekundu saa sita ya mchana. Tulizungumza habari hiyo katika kipindi, na swali moja likarudi mara nyingi kutoka kwa wasikilizaji: inakuwaje kwamba katika nchi ya baridi na theluji kuko mamilioni ya miti iliyokauka ikiwa bado imesimama, hata mahali ambapo moto haujafika?

Sehemu kubwa ya jibu ni wadudu. Wadudu wanaokula majani, machipukizi na maganda ya miti. Na jibu hilo si la Kanada peke yake. Linagusa pia kawa ya Kalehe, mahindi ya Rutshuru na mikaratusi ya Lubero. Ndiyo maana tumeona vizuri kuliandika kwa urefu.

Neno moja kabla ya kuendelea: hapa tukisema "kaskazini" hatusemi Kivu ya Kaskazini. Tunasema kaskazini ya dunia, karibu na barafu.

Msitu wa miti ya aina chache

Kuko mkanda mkubwa wa msitu unaozunguka kichwa cha dunia. Unapita Alaska, Kanada, Norwei, Uswidi, Finland, na unavuka Urusi yote mpaka bahari ya upande wa pili. Ni mmoja kati ya misitu mikubwa kuliko yote duniani. Lakini aina za miti ni chache. Mtu anaweza kutembea siku nzima akaona aina tatu au nne tu: msonobari, sapini, episea (hiyo ni ndugu ya sapini, wengi wanaitumia kama mti wa Noeli), na bulo, ule mti wa gome jeupe.

Kwetu si hivyo. Ukiacha sehemu za Ituri ambako mti wa mbau unatawala, katika msitu wa Kongo hektari moja inabeba makumi ya aina za miti, zimechanganyikana. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mdudu. Wadudu wengi wanaokula mimea hawali kila kitu. Kila mmoja ana mti wake au jamaa moja ya miti. Katika msitu uliochanganyika, mdudu akitoka kwa mti mmoja lazima atafute mwingine wa aina ileile, na njiani anakutana na ndege, sisimizi, buibui na nyigu. Katika msitu wa aina moja hatafuti. Jirani ni chakula, na jirani wa jirani pia.

Kusema kweli wadudu hao si wageni kule kaskazini. Wako tangu zamani, na wana kazi: wanaangusha miti mizee ili midogo ipate mwanga. Tena wanaenda kwa zamu. Viwavi vinavyokula bulo huko Norwei na Finland vinaongezeka sana kila baada ya miaka kama 10, kisha vinapungua. Kiwavi kinachokula machipukizi ya sapini na episea huko Québec kinarudi kwa wingi kila baada ya miaka 30 au 40. Wazee wa kule wanalijua hilo sawa sisi tunavyojua kwamba kuko miaka ya panya na miaka isiyo ya panya.

Kilichobadilika ni ukubwa wa mashambulizi, na mahali yanapofika.

Mdudu wa ukubwa wa punje ya mchele

Mfano unaojulikana zaidi unatoka katika jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada. Mdudu mwenyewe ni mbawakawa mweusi, urefu wake kama milimita 5, sawa punje ya mchele. Anaishi chini ya gome la msonobari.

Kazi yake inaenda hivi. Jike anatoboa gome na kuingia. Mti unajitetea kwa utomvu: unamwaga utomvu mwingi katika tundu na kumzamisha mdudu. Mdudu mmoja hawezi kushinda mti mwenye afya. Lakini yule wa kwanza akiingia anatoa harufu inayoita wenzake, na wanakuja kwa mamia. Wanaleta pia ukungu wanaoubeba mwilini, unaoziba njia za maji ndani ya mti na kugeuza mbao kuwa ya rangi ya bluu. Mayai yanawekwa chini ya gome, watoto wanakula ile nyama laini inayopitisha chakula cha mti, na mti unakufa. Mwaka unaofuata majani yake yanakuwa mekundu, baadaye yanaanguka na kubaki mti wa kijivu.

Zamani nani alimzuia mdudu huyu? Ni baridi. Watoto wake wanapitisha miezi ya baridi chini ya gome. Wanapoingia katika msimu huo, miili yao inatengeneza maji mazito yasiyoganda haraka, sawa dawa wanayotia katika radiateri ya gari huko Ulaya. Lakini kinga hiyo ina mpaka. Hewa ikishuka mpaka karibu digrii 40 chini ya sifuri, wengi wanakufa. Na kama baridi kali inakuja mapema, kabla hawajamaliza kujitayarisha, hata digrii 25 chini ya sifuri inaweza kuwaua. Hivyo ndivyo shambulio moja katika jimbo hilo lilikatika kipupwe cha 1984 na 1985: baridi ilishuka ghafla na kuwamaliza.

Katika miaka ya 1990 shambulio lingine lilianza. Safari hii baridi ya kuua haikuja. Vipupwe vilikuwa vimepungua ukali, kipupwe kimoja baada ya kingine, na majira ya joto yalikuwa ya kukausha. Shambulio lilifika kilele karibu na mwaka 2005. Kwa jumla liligusa zaidi ya hektari milioni 18. Ili tuelewe: Kivu ya Kaskazini ina karibu hektari milioni 6, Kivu ya Kusini karibu milioni 6 na nusu. Changanya zote mbili, bado haufikii. Si kila mti katika eneo hilo ulikufa, lakini zaidi ya nusu ya misonobari iliyofaa kupasuliwa mbao katika jimbo hilo ilikauka.

Kisha mdudu alifanya kitu ambacho watu hawakuzoea kuona: alivuka. Milima mikubwa ya Rocky ilikuwa ukuta kati yake na misitu ya mashariki, juu ya baridi yake. Kati ya 2002 na 2006 upepo ulimbeba mpaka Alberta, na huko akakuta joto la kutosha kuishi. Mwaka 2011 watafiti walithibitisha kwamba ameanza kula aina nyingine ya msonobari, ile inayoenda bila kukatika mpaka upande wa bahari ya Atlantiki.

Joto linasaidia mdudu kwa njia tatu

Mdudu hana damu ya moto sawa sisi. Mwili wake unafuata hewa. Hewa ikiwa baridi, analala. Hewa ikipata joto, anakula haraka, anakomaa haraka, anazaa haraka. Kwa hiyo mabadiliko ya digrii mbili ambayo mtu anayavumilia kwa kuvua koti, kwa mdudu ni maisha mengine.

Njia ya kwanza tumeisema: kipupwe hakiui tena.

Njia ya pili ni hesabu ya vizazi. Kusini ya Alaska kuko mbawakawa wa episea ambaye kwa kawaida alihitaji miaka 2 kutoka yai mpaka kukomaa. Majira ya joto yalipozidi katika miaka ya 1990, wengi wakamaliza safari hiyo kwa mwaka 1. Hiyo ni kusema ndege na baridi wanapata nafasi moja tu ya kuwapunguza, mahali pa mbili. Zaidi ya hektari milioni moja za episea ziliguswa. Katika Ulaya ya kati, ndugu yake anaweza kutoa vizazi 2, na katika mwaka wa joto sana mpaka 3, ndani ya mwaka mmoja. Kila kizazi kinazidisha kilichotangulia. Ni sawa na deni la riba.

Njia ya tatu haimgusi mdudu, inagusa mti. Utomvu unatengenezwa kwa maji. Mti wenye kiu unatoa utomvu kidogo. Ukame ukija, mlango unabaki wazi. Hilo lilionekana Ujerumani. Miaka ya 2018, 2019 na 2020 mvua ilikuwa haba na joto lilikuwa kali. Watafiti wa shirika la anga la Ujerumani walipima kwa satelaiti na kukuta kwamba kati ya Januari 2018 na Aprili 2021 nchi hiyo ilipoteza karibu hektari 500,000 za miti, ambayo ni karibu asilimia 5 ya msitu wake wote. Sehemu kubwa ilikuwa episea, iliyokufa kwa kiu na kwa mbawakawa, viwili pamoja.

Lakini joto si rafiki wa kila mdudu

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Si kweli kwamba joto likiongezeka basi kila mdudu anashangilia.

Kiwavi anayekula majani anahitaji kutoka katika yai siku zilezile ambazo machipukizi yanafunguka. Akitoka mapema anakufa njaa. Akichelewa anakuta majani yamekuwa magumu na yana uchungu. Huko Uholanzi, watafiti waliona kwamba majira ya kuchipua yalipoanza kuwa na joto, mayai ya kiwavi kimoja cha mti wa mwaloni yalianguliwa kabla ya majani kutoka, na wengi walikufa. Baadaye walibaki wale ambao kwa kuzaliwa walichelewa kuanguliwa, na hao ndio walizaa. Katika miaka michache tu kiwavi kile kikarekebisha saa yake.

Québec jambo lilelile linaweza kwenda upande wa pili. Kiwavi cha kule kilikuwa kinamaliza hasa sapini. Episea nyeusi, inayojaza misitu ya kaskazini zaidi, ilikuwa na bahati: machipukizi yake yanafunguka kama wiki mbili baadaye, na kiwavi alikuwa ameshakosa chakula. Wasiwasi wa watafiti ni kwamba joto linasogeza tarehe hizo karibu. Shambulio la sasa lilianza mwaka 2006 upande wa Côte-Nord na limeshagusa zaidi ya hektari milioni 10.

Hata umbo la mlima linaingia katika hesabu. Kaskazini ya Norwei na Finland, mayai ya kipepeo wa bulo yanakufa hewa ikifika karibu digrii 35 chini ya sifuri. Usiku wa kipupwe, hewa baridi ni nzito, inateremka na kujaa bondeni sawa maji. Matokeo yake: miti ya bondeni ilipona, na ile ya katikati ya mlima, ambako kulikuwa joto kidogo, ililiwa. Anayejua mashamba ya Masisi anaelewa mara moja, kwani hata kwetu baridi ya asubuhi bondeni si ile ya kwenye mgongo wa mlima.

Mkono wa mtu uko ndani

Watu wengi wakisikia "mabadiliko ya tabia ya nchi" wanasema, basi, ni hewa, tutafanya nini? Lakini ukiangalia vizuri mifano yote hiyo, hewa haikufanya kazi peke yake. Kabla ya joto kufika, mtu alikuwa ameshatandika meza.

Kanada: kwa muda wa karne nzima serikali ilizima kila moto mdogo wa msitu, ili kuokoa mbao. Nia ilikuwa nzuri. Lakini ile mioto midogo ndiyo iliyokuwa ikichanganya umri wa miti. Ilipozimwa, misonobari ilizeeka yote pamoja. Mwishoni mwa karne eneo lenye misonobari mizee, ile ambayo mbawakawa anaipenda, lilikuwa zaidi ya mara tatu ya lile la mwanzo wa karne.

Ujerumani: episea si mti wa asili ya sehemu nyingi ilikopandwa. Kwa asili yake inapenda milima ya baridi. Watu waliishusha bondeni kwani inakua haraka, imenyooka na ina soko. Baada ya vita ya pili ya dunia waliipanda zaidi tena, kwa safari na mistari, aina moja, umri mmoja. Kwa miaka mingi ilileta pesa. Ukame wa 2018 ulipokuja, milima mizima, kama ile ya Harz, iligeuka kijivu.

Uswidi: Januari 2005 dhoruba iliyoitwa Gudrun iliangusha miti ya meta kibiki karibu milioni 75 kwa usiku mmoja. Mti ulioanguka hauna nguvu ya kutoa utomvu. Mbawakawa walizaana ndani ya ile miti iliyolala, kisha wakaenda kwa iliyosimama.

Nani analipa

Hasara ya kwanza ilienda kwa wafanyakazi. British Columbia mwanzoni ilikata miti mingi kuliko kawaida, ili kuiuza kabla haijaoza. Kwa miaka michache kulikuwa na kazi nyingi. Kisha miti ikaisha, na viwanda vya kupasua mbao vikaanza kufungwa, katika miji midogo ambayo haikuwa na kazi nyingine.

Hasara ya pili ni ya wenye kuishi na msitu. Katika Utsjoki, kaskazini ya mwisho ya Finland, viwavi vilikula bulo mwaka 1965 na 1966, na zaidi ya kilometa mraba 1,000 za msitu zilikufa. Wenyeji wa kule ni Wasami, wafugaji wa reni. Sehemu nyingi msitu haukurudi mpaka leo, na sababu moja ni kwamba reni wenyewe wanakula machipukizi madogo. Mdudu aliangusha msitu, mifugo ikauzuia kusimama tena. Mwenye kujua mambo ya ng'ombe na miti michanga kwetu hahitaji maelezo zaidi.

Hasara ya tatu ni ya watu wote. Msitu ulio hai unavuta hewa ya kaboni, mti unaooza unaitoa. Utafiti uliotoka mwaka 2008 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba katika miaka mibaya ya shambulio, msitu wa British Columbia uliacha kuvuta kaboni na ukaanza kutoa kuliko unavyovuta. Joto linazidisha wadudu, wadudu wanazidisha kaboni, kaboni inazidisha joto.

Kwetu mlinzi huyo hakuwapo

Sasa turudi nyumbani. Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya theluji, sisi theluji tunaiona juu ya Ruwenzori tu, tena inapungua. Ni kweli. Lakini hapo ndipo somo liko. Kaskazini walikuwa na mlinzi aitwaye baridi, na mwaka baada ya mwaka anadhoofika. Sisi mlinzi huyo hatukuwa naye hata siku moja. Kilichotulinda ni vitu vingine: mimea iliyochanganyika, kivuli, na adui wa wadudu, yaani ndege, sisimizi, nyigu na hata sisi watu. Tusisahau kwamba upande wa Kisangani, viwavi vinavyokula majani ya mti wa sapeli vinakusanywa na kuuzwa sokoni. Mla majani naye analiwa.

Tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza ni kawa. Mdudu anayetoboa mbegu za kawa, ambaye maagronome wetu wanamwita skolite, ni wa ukoo mmoja na wale mbawakawa wa Kanada na Ujerumani. Tofauti ni kwamba wao wanatoboa gome, huyu anatoboa tunda. Asili yake ni Afrika. Arabika yetu ya milimani ilikuwa na nafuu kwani juu kuna ubaridi na skolite anazaa polepole. Watafiti waliofanya kazi juu ya kawa ya Afrika ya Mashariki walionyesha kwamba joto likiongezeka, anapanda mlima na anaongeza vizazi. Ni hadithi ileile ya Alaska, kwa digrii zingine. Shamba lenye miti ya kivuli na migomba linapunguza joto kwa digrii kadhaa. Mwenye kukata kivuli chote ili kawa "ipate jua" anafungulia skolite mlango.

Wa pili ni kiwavijeshi cha mahindi. Kilitoka Amerika na kilionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Kule Marekani, baridi inakiua kila mwaka, kinabaki kusini tu, upande wa Florida na Texas, na lazima kianze safari upya kila majira ya joto. Kwetu hakuna cha kukiua Desemba. Tunalima misimu miwili, na bondeni wengine wanalima hata kati ya misimu, kwa hiyo chakula chake hakikatiki. Lakini imeonekana kwamba mahindi yaliyochanganywa na maharagi au na jani la desmodiamu yanashambuliwa kidogo kuliko mahindi yaliyo peke yake. Mabibi zetu waliochanganya mazao katika shamba moja hawakuwa wajinga.

Wa tatu ni miti tunayopanda. Miaka hii vilima vingi vya Lubero, Masisi na Kabare vimejaa mikaratusi. Tunaelewa kwa nini. Inakua haraka, inatoa makala, mbao na nguzo, na kila gunia la makala linalotoka shambani ni gunia ambalo halikutoka katika mbuga ya Virunga au ya Kahuzi-Biega. Hatusemi watu waache. Tunasema mlima mzima wa mti wa aina moja na umri mmoja ni ileile meza ya Ujerumani.

Na si maneno ya kutisha tu. Wazee watakumbuka miti ya sipre ilivyokauka. Kidudu kidogo kinachofyonza maji ya mti kilionekana Malawi mwaka 1986. Kilipanda kupitia Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, na mwaka 1990 kilikuwa kimefika Kenya. Sipre haikuwa mti wa asili yetu, ilikuwa imepandwa kwa wingi peke yake, na adui wa kile kidudu alibaki kwao. Kuanzia mwaka 1994, katika Malawi, Kenya na Uganda ilibidi kuachilia nyigu mdogo anayekiua. Mikaratusi nayo ina adui wake: nyigu kutoka Australia anayefanya majani na machipukizi kuvimba vinundu, aliyeonekana Kenya na Uganda mwaka 2002. Uganda ni jirani, na mche hauombi viza mpakani.

Wenzetu walijaribu nini

Kaskazini walijaribu mengi. Walikata miti iliyoambukizwa na kuitoa haraka, kabla wadudu hawajaruka. Inasaidia shambulio likiwa dogo. Likishakuwa la mamilioni ya hektari, hakuna msumeno unaotosha. Québec wanapulizia kwa ndege dawa inayotoka kwa bakteria, inayoua viwavi bila kuua kila kitu. Inaokoa majani ya sehemu zilizochaguliwa, lakini haikatizi shambulio lenyewe.

Somo lililoshangaza wengi linatoka katika mbuga ya msitu wa Bavaria, Ujerumani. Huko waliamua kutogusa. Mbawakawa walikausha episea za milimani, na watu wa vijiji walikasirika sana kuona milima ya miti mikavu. Baada ya miaka, chini ya ile miti iliyokufa ilitoka michanga mingi, ya umri tofauti tofauti. Msitu ulirudi wenyewe. Na mahali pengine Ujerumani, wanaopanda upya sasa wanachanganya aina. Walilipa hasara kubwa ili kufika hapo.

Kwa wanaopanda msimu huu

Sisi tunaweza kufika hapo bila kulipa hasara hiyo. Mambo ya kufanya si ya pesa nyingi. Mwenye kawa aokote matunda yote yaliyobaki juu ya mti na chini baada ya mavuno, kwani ndimo skolite anasubiri, na aache kivuli. Mwenye mahindi achanganye, na apite shambani asubuhi kuangalia kiini cha mmea tangu wiki za kwanza. Mwenye kupanda mikaratusi aweke ndani yake mistari ya miti mingine, hasa ile ya kwetu, na asikate vichaka vyote vya pembeni ambamo ndege na nyigu wanaishi. Mwenye kununua miche ng'ambo ya mpaka aangalie majani kabla ya kulipa.

Jambo moja lakini haliko mikononi mwa mkulima peke yake. Miche mingi inayopandwa mashariki inatoka katika pepinyeri za miradi. Mradi unakuja na aina moja, kwani ni rahisi kuihesabu na kuandika katika ripoti kwamba miche kadhaa imegawiwa. Siku mdudu atakapofika, mradi utakuwa umeshafungwa na gari zimerudi. Atakayebaki na mlima wa miti mikavu ni mwenye shamba, ambaye alitegemea miti hiyo kwa ada ya shule ya watoto.

Kwa hiyo wakati wanakuja kugawa miche katika grupema yenu, ulizeni swali moja kabla ya kupokea: "Ni aina ngapi mmetuletea?" Kama jibu ni moja, ombeni ya pili na ya tatu. Ni swali ambalo Wajerumani wangetaka kuuliza miaka 70 iliyopita.